Mawe ya Mama Sifa kwenye Mudomo wa Mufereji

Vijana wa avenue yetu, tangu mulisikia kwamba siku moja meya wa muji huu atachaguliwa na sisi wenyewe, hatupumziki tena. Kila magaribi munasimama mbele ya mulango wangu. Mumoja anapiga kelele: mifereji ilipwe na muji, si tunatoa kodi ya soko? Mwengine: hapana, kila nyumba ilipe. Wa tatu anasema tungojee wazungu. Juzi mulisukumana mupaka mukamwaga maharagi yangu yenye nilikuwa ninachagua. Niliinama, nikayaokota, mugongo ukilia. Lakini kwa sababu mulimwaga maharagi, leo mutanisikiliza.

Mimi ni Koko Vumilia, bibi yenu wa avenue hii, mwenye munaita Koko Mawe wakati munafikiri masikio yangu yamekufa. Masomo sikusoma sana, niliacha primeri huko Kibati mbele nijue kugawanya. Lakini majina hayanipotei. Ninajua jina la kila mutu mwenye alishika nyundo na sisi, na majina ya baba zenu wenye walikataa kuishika.

Kazi yetu ilikuwa kupasua mawe ya volkano na kuchimba mifereji. Musifikiri ni kazi ya kuchimba udongo kama vile watu wa Masisi wanachimba viazi. Hapa udongo uko wapi? Unakwangua kidogo na pele ya kuchotea udongo, unakuta jiwe. Chini ya jiwe, jiwe. Kapita wetu, musimamizi wa kazi, Muzee Ndagano, alikuwa anatuambia: «Mama, hii jiwe haikuogopi. Usiipige na hasira, itakupiga weye.» Alikuwa mufupi, mwenye kofia ya sufu hata muchana wa jua kali, na alitufundisha kugonga jiwe polepole kwanza na kulisikiliza. Jiwe lenye kulia kama sahani, lile ni zito, litapasuka sawa na mukate, unapata kokoto nzuri za kuuza. Jiwe lenye kulia kama kikapu, ndani liko matundu matupu, litakuwa unga mikononi mwako. Hilo unaliacha kwa kujazia shimo.

Na macho. Ukipiga, unageuza uso kidogo na kufunga jicho la upande wa jiwe. Kahindo, mwenzetu wa Butembo, aliona ile ni mambo ya wazee. Alinunua lunete za jua, nyeusi, za mutumba, akafika kazini kama muke wa jenerali. Tulicheka, yeye akasema ni wivu. Mupaka saa ya kutoka, zile lunete zilikuwa zimekwanguliwa na vipande vya mawe mupaka hakuna kioo cha kuonea. Naye alikataa kuzitoa, juu ya majivuno. Akapita karibu na mubuzi wa Kapita, akainama kabisa na kusema: «Bonsoir, papa kapita.» Kapita alikuwa nyuma yetu. Akajibu: «Bonsoir, mwanangu. Huyo ni muke wangu mudogo.» Tangu siku ile Kahindo alifunga kitambaa cha kikwembe kwenye kichwa, akageuza uso kama sisi wote.

Mukitaka kugombana juu ya mifereji, mujue kwanza kitu kimoja cha muji huu. Goma haina muto wa kubeba maji ya mvua. Maji yanashuka kutoka upande wa volkano, yanapita katikati ya nyumba, na yanatafuta ufa katika mawe. Yakipata ufa muzuri, yanaingia, haujui tena yameenda wapi. Ule ufa sisi tuliuita kinywa. Mufereji wenye hauna kinywa mwishoni si mufereji. Ni barabara ya maji kwenda nyumbani kwa mutu.

Kutafuta kinywa ni kazi ya utulivu. Unachimba shimo, unafika kwenye jiwe lenye kupasuka, unamwaga bidoni ya maji na unangoja. Mawe mengine yanakunywa kidogo na kushiba. Mengine yanakunywa na kuomba tena. Kapita alikuwa anaweka nyuma ya mukono wake karibu na ufa. Akisikia hewa baridi inapumua kutoka chini, anatabasamu: huko ndani kuna nafasi. Lakini hatukuruhusiwa kuingia shimoni mbele ya taa. Tunafunga taa ya mafuta kwenye kamba, tunaishusha polepole. Taa ikizimika bila upepo, iko mazuku, ile hewa mbaya yenye kulala chini na kuua mutu akisimama. Basi tunafunika shimo na kwenda kuchimba pengine. Leo munakuja na mashini za kutoboa, zinalia mupaka kuku wanaacha kutaga. Zinapasua haraka, sikatai. Lakini ninaona munashuka shimoni na simu mukononi. Simu haizimiki kwa sababu ya mazuku, watoto wangu. Shusheni taa.

Tena Kapita alikuwa na sheria moja yenye hakutaka hata kuijadili: mufereji unaanziwa chini. Kwanza kinywa, kisha unapanda. «Ukianzia juu,» alisema, «unatengenezea maji njia ya mbio ya kwenda kuua mwenye anakaa chini.» Hii sheria ndiyo ilileta yote yenye nataka kuwaambia.

Munamujua Mama Sifa, wa parsele ya mwisho, kile kiwanja cha pale avenue inapofika barabara kubwa. Munamuona mwanamuke muzee mwenye anauza makala ya kupikia na kutukana wenye kusukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Mimi ninamujua kama mutu mwenye tulipiga naye mawe tangu tuko na meno yote. Alifiwa na bwana, akabaki na ile parsele tu. Nyumba ya mbao, jikoni pembeni, na mulango wenye kutazama juu, kule maji yanatoka. Kila masika maji yalikuwa yanaingia kwake. Alikuwa amepandisha kitanda juu ya mawe, na godoro likiloba anacheka: «Leo nimelala Ulaya, kwenye boti.» Lakini kila mwaka ubao mumoja wa ukuta ulikuwa unaoza, na mbao za kubadilisha hakuwa nazo.

Basi, wakati ule, shefu wa avenue alihama, na mukubwa wa kartie, wa mutaa muzima, akatuambia tujichagulie mwengine. Wawili walitaka kile kiti. Wa kwanza, Papa Deo, mwenye mbao. Nyumba yake iko juu kabisa, lakini depo yake ya mbao iko huku chini, parsele mbili mbele ya kufika kwa Mama Sifa, kwa sababu malori hayawezi kupanda. Wa pili, Mwalimu Kasereka, mwenye alifundisha nusu ya avenue hii kusoma.

Maneno yote ya kampanye yalikuwa mufereji. Papa Deo alisema: «Kila mutu alipie mbele ya kwake. Ni haki. Kwa nini mimi nilipie mbele ya jirani Papa Bosco?» Watu wa juu walipiga makofi. Mwalimu alisema: «Tulipe wote pamoja, tangu nyumba ya juu mupaka shimo la mwisho.» Watu wa chini walipiga makofi. Hapo mabishano yakaanza, kama yenu.

Mama Neema wa juu akauliza: «Haya maji munatulipisha, ni yetu?»

«Ni ya nani?» Mama Sifa akajibu. «Yanatoka kwenye manjanja, mabati ya nyumba zenu.»

«Ni ya Mungu.»

«Basi umuambie Mungu akuje alipe.»

Siku ya kuchagua, tulijipanga barabarani, mustari nyuma ya Papa Deo, mustari nyuma ya Mwalimu. Hakuna karatasi. Mustari murefu ndio unashinda. Na ninawaapia, mustari wa Mwalimu ulikuwa murefu kupita ule mwengine. Ilibaki tu kuhesabu. Lakini Mwalimu alipotazama nyuma na kuona watu wengi vile, furaha ilimushinda. Akasema, «Mbele wahesabu, ndugu zangu, maneno mafupi ya kushukuru.» Akaanza na historia ya avenue. Akapita kwa wazazi wetu. Jua likapanda. Mwenye aliacha sombe kwenye moto akatoka kwenye mustari, kisha mwenye mutoto wa kunyonya, kisha mwenye duka. Papa Deo alitumana soda, watu wake wakakunywa wakiwa wamesimama. Mwalimu alipomaliza kushukuru watu, watu wa kushukuru walikuwa wamepungua. Wakahesabu. Papa Deo akawa shefu.

Mama Sifa alirudi kwake, akaongeza mawe chini ya kitanda.

Papa Deo alituita sisi, watu wa Kapita Ndagano, tuanze kazi. Tuanzie mbele ya kwake, juu. Kapita akatoa kofia.

«Papa Shefu, tunaanziaka chini. Kinywa kwanza.»

«Muzee, mwenye kulipa ni nani?»

«Ni weye.»

«Na mimi niko wapi?»

«Juu.»

«Basi muanzie juu.»

Kapita alirudisha kofia na kwenda nyumbani. Alikuwa amechoka, magoti yalikuwa yameanza kumukataa. Sisi tulibaki, kwa sababu tulikuwa na watoto wa kulisha. Mama Sifa pia alibaki. Alichimba mbele ya Papa Deo, mbele ya Mama Neema, mbele ya Papa Bosco. Kila nyumba na matakwa yake. Huyu anataka mufereji wa kufika kwenye goti na simenti. Huyu anataka wa kufika kwenye kifundo cha muguu, inatosha. Huyu anasema hana kitu, mupite. Tukapita. Ukitazama kutoka juu, mufereji wetu ulikuwa kama kinywa cha muzee: jino hapa, pengo pale. Na kila jino lilikuwa linasukuma maji kwa nguvu mupya kwenye pengo la chini. Tulipofika mbele ya depo ya mbao, Papa Deo alilipia mufereji muzuri kabisa. Tukamaliza hapo. Kisha palikuwa jirani, naye akachimba na mikono yake. Kisha Mama Sifa. Kisha hakuna kinywa.

Ninakumbuka alisimama na mutarimbo mukononi, akatazama ile kazi yake mwenyewe inavyoshuka kuelekea mulango wake. «Vumilia,» aliniambia, «nimejichimbia barabara.»

Mvua ya kwanza ilifika. Zamani maji yalikuwa yanamufikia yamechoka, yamegawanyika. Safari hii yalifika pamoja, yanakimbia. Yaliangusha ukuta mumoja wa nyumba, wa upande wa kitanda. Na yalileta vitu vya avenue muzima. Kesho yake alipanda barabara na beseni kichwani, nyumba kwa nyumba, kurudishia watu mali yao. «Mama Neema, sapato ya mutoto wako, ya kushoto. Papa Bosco, chupa zako, sikujua unakunywa hivi. Papa Shefu, kuku wako. Ni mufu, lakini ni wako.» Watu walicheka, walipokea. Hakuna mwenye aliuliza juu ya ukuta.

Alipofika kwa Papa Deo aliweka beseni chini. Nilikuwa naye.

«Shefu, inabaki shimo la kumeza haya maji. Avenue ichimbe.»

«Shimo liko mbele ya nani, mama?»

«Mbele ya kwangu.»

«Basi sheria unaijua. Kama hauwezi, uza parsele. Mimi niko tayari kununua, depo inaomba nafasi.»

Hapo ndipo nilielewa alichotaka, na Sifa pia. Ile parsele ndiyo yote yenye bwana yake alimuachia. Kupoteza ile ni kurudi Rutshuru kwenye mashamba yenye hakuna tena mutu wa kumupokea. Alitikisa kichwa taratibu, akasema: «Sheria nimeisikia, papa.» Tukashuka.

Siku ile ile alianza kukusanya mawe. Yalikuwa mengi pembeni ya barabara, ya kazi yetu yenyewe. Alichagua yale yenye kulia kama sahani, yenye uso mumoja sawa, kama Kapita alitufundisha kwa kujenga bila simenti. Akayapanga kwenye mudomo wa mufereji, pale unapoingia kwake. Uso wa jiwe kwa uso wa jiwe, kokoto kwenye nafasi, udongo na majivu katikati. Mimi nilikuwa ninamupa mawe, yeye anapanga. Nilimuuliza, «Sifa, unajua yenye unafanya?» Akasema, «Ninafanya mbele ya kwangu.» Ukuta ulifika kwenye kiuno. Ulikuwa muzuri. Hata kisu hakikuwa kinapita.

Mvua ilirudi alasiri, ile yenye matone ya kuumiza. Tulikaa kwenye mulango wake, tukifunika vichwa na sheti, turubai la plastiki. Maji yalishuka yakikimbia, yakafika kwenye ukuta, yakasimama. Yakazunguka kidogo kama mutu mwenye amepoteza njia. Kisha yakaanza kurudi nyuma. Yalijaza barabara, yakaingia kwa jirani, yakaingia depo. Tukaona ubao wa kwanza unatoka kwenye depo peke yake, taratibu, kama papa mwenye anakwenda misa. Nyuma yake ubao wa pili. Kisha zote.

Papa Deo alifika akikimbia, suruali imekunjwa, viatu mukononi.

«Mama Sifa! Umefanya nini?»

«Nimejenga mbele ya kwangu.»

«Utoe haya mawe! Mbao zangu!»

«Shefu, si ulisema kila mutu mbele ya kwake? Weye mbele ya kwako ulitaka mufereji. Mimi mbele ya kwangu ninataka ukuta.»

«Nitaita polisi!»

«Uwaite. Lakini uwaambie wakuje na boti.»

Watu walikuwa wamejaa kwenye vibaraza, wa juu na wa chini, na kicheko kilipita kwenye mvua kutoka nyumba hadi nyumba. Jirani mwenye maji yalimuingilia hakucheka, alikuwa anatukana sisi wote. Mwalimu Kasereka alitokea na mwavuli, akanyoosha kidole kama vile darasani. Mama Neema akapiga kelele kutoka mbali: «Mwalimu, tunakuheshimu, lakini leo ufupishe!»

Mwalimu alifunga kinywa. Alifikiri. Akasema, «Shimo,» akateremusha kidole. Ndiyo hotuba fupi yenye alitoa maisha yake yote.

Papa Deo alitazama mbao zake, akamutazama Mama Sifa. «Unataka nini, mama?»

«Shimo. Avenue muzima. Na kila nyumba itume mutu wa kuchimba, si kutuma pesa peke yake. Nataka niwaone huku chini na miguu yenu.»

Alikubali mbele ya watu. Mama Sifa akatoa jiwe moja, la chini katikati, ile kazi yote ikafunguka.

Tulifanya salongo, kazi ya wote pamoja. Kapita Ndagano hakuweza tena kutembea mbali, tukamuleta juu ya chukudu, amekaa kama mufalme kati ya mifuko. Tulijaribu barabarani, jiwe halikunywa. Tulijaribu pembeni, likakunywa kidogo na kushiba. Kinywa chenyewe tulikipata ndani ya parsele ya Mama Sifa, chini ya jikoni yake. Kapita aliweka nyuma ya mukono, akatabasamu. Taa ilishuka, ikabaki kuwaka. Tulimwaga bidoni kwa bidoni, likaomba tena.

Mama Sifa alitazama jikoni. Akasema, «Muvunje.» Tukavunja. Papa Deo alileta simenti, ninasema haki yake, na mbao za kurudishia ule ukuta. Kila nyumba ilileta kitu. Lakini kipande cha parsele chenye shimo lilikula, hakuna mwenye alikilipa. Hata Mwalimu hakukitaja. Mupaka leo anapika inje, chini ya sheti, na mvua ikinyesha anakula baridi. Munaponiuliza nani alilipa mufereji wa avenue hii, ninafikiria ile sheti.

Tangu wakati ule watawala wamepita wengi, vita imekuja na kurudi, maji hayakubadilisha njia. Kapita Ndagano alikufa. Kahindo alirudi Butembo. Shimo linataka kutolewa matope kila mwaka mbele ya masika, kama sufuria yenye kuoshwa. Zamani mulikuwa munakuja. Mwaka jana walikuja wachache na hakuna mwenye aliingia. Mwaka huu munangoja kwanza mujue nani atakuwa meya, ndipo mujue nani atalipa mwenye kutoa matope. Muliniambia hivyo na mudomo wenu, mukisimama juu ya maharagi yangu.

Jana nilishuka kumusalimia Mama Sifa. Nilipumzika njiani mara nyingi, magoti yangu sasa ni ya Kapita. Shimo limejaa mupaka karibu ya juu, mifuko ya plastiki inaelea. Upande wa volkano kulikuwa kweusi na mawingu ya mvua. Mama Sifa alikuwa amekaa kwenye kiti, kando ya lile rundo la mawe ya ukuta wake, yenye hakuyatupa miaka yote, anayafuta na kitambaa, moja moja, akiyageuza kutafuta uso.

Nikamuuliza: «Sifa, vijana wamekuja?»

Akasema: «Bado wanachagua meya.»

Nilitazama mudomo wa mufereji. Mustari wa kwanza wa mawe ulikuwa umekwisha kupangwa.

Pele iko nyuma ya mulango wangu. Taa na kamba pia, mukuje muchukue.